Sura ya Tano: Foleni ya Pioni

Chukua aina moja tu ya pioni, ile iitwayo 'Sarah Bernhardt': ua kubwa la rangi ya waridi iliyopauka, petali zake zimesongamana kama kurasa za daftari lililolowa maji kisha likaanikwa juani. Ilitoka kwenye kitalu cha akina Lemoine mjini Nancy, Ufaransa, mwaka 1906, ikapewa jina la mwigizaji aliyekuwa akitamba wakati huo, na mpaka leo ni miongoni mwa pioni zinazouzwa kwa wingi duniani. Ungedhani ua lililolimwa kwa zaidi ya miaka 100 limekwisha kujulikana tabia zake zote. Lakini uliza linachanua lini. Muuza miche mmoja ataliandika kuwa ni la katikati ya msimu, wa pili la katikati kuelekea mwisho, wa tatu la mwisho, na hakuna hata mmoja anayepepesa macho. Ukiingia kwenye tarehe ndipo unapochanganyikiwa kabisa: kwa huyu ni mwisho wa Mei, kwa yule katikati ya Juni, kwa mwingine Julai, na huko New Zealand ni Novemba. Mnunuzi anayetaka bustani yake isikae tupu hata wiki moja hukata shauri upesi kwamba kati ya hawa yupo mwongo, au wote hawajui wanachouza. Mimi naona sivyo. Wengi wao wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Tarehe ya kuchanua si mali ya aina ya ua. Ni mali ya mahali, ya mwaka, na ya macho ya anayetazama. Kilicho cha aina yenyewe ni nafasi yake kwenye foleni, yaani nani anatangulia na nani anafuata pale mimea yote inapokaa kwenye udongo mmoja chini ya anga moja. Na hata foleni hiyo, kama tutakavyoona, ina wanaopishana.

Ili hoja hii isimame, lazima tuingie chini ya ardhi. Pioni za kawaida za bustanini, zile zinazotokana na spishi ya Paeonia lactiflora ya Asia ya mashariki, hufa upande wa juu kila mwaka. Baridi inapokaribia majani hukauka, mashina huanguka, na kinachobaki ni mizizi minene kama mihogo michanga, yenye kichwa kilichojaa macho mekundu, kila jicho likilingana na ncha ya kidole. Ndani ya jicho hilo ua la mwaka ujao huanza kuumbwa mwishoni mwa majira ya joto, majani ya juu yakiwa yameshachoka. Kisha linalala. Joto peke yake haliliamshi. Linahitaji kwanza baridi ya wiki nyingi, ya nyuzi chache tu juu ya sifuri ya Selsiasi, ndipo usingizi ukatike. Baridi isipotosha, machipukizi hutoka machache na mafupi, na matumba hukaukia shinani yakiwa madogo kama njegere. Ndiyo maana pioni haikupata kuwa ua la Naivasha wala la Arusha kama lilivyokuwa waridi. Ardhi ipo, maji yapo, mikono hodari ipo, ila majira ya baridi ya kulikata usingizi hayapo. Kwa msomaji wa huku kwetu mfano wa karibu ni kahawa. Matumba ya mbuni hukaa yamejifunga wakati wa ukame, mvua nzuri ikishanyesha, siku kama 10 baadaye shamba zima linakuwa jeupe na kunukia. Hakuna mkulima wa Kilimanjaro wala wa Kirinyaga atakayekuambia kahawa huchanua tarehe fulani. Atakuambia huchanua baada ya mvua. Pioni nayo ina mvua yake, ila mvua yake ni baridi kwanza, kisha joto.

Joto hilo huhesabika kama fedha inayotiwa kwenye kibubu. Mfaransa René-Antoine de Réaumur alipendekeza mwaka 1735 kwamba mmea hauhesabu siku, unajumlisha joto, na wazo lake halijafa hadi leo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mchana umefika nyuzi 18 na usiku umeshuka hadi 6. Wastani ni 12. Tuseme tena kwamba chini ya nyuzi 5 mmea hausogei. Toa 5, na siku hiyo imetia 7 kibubuni. Siku ya mawingu yenye wastani wa 6 hutia 1 tu. Kwa hiyo siku moja njema ya jua yaweza kulingana na wiki nzima ya kijibaridi, na mimea miwili ya aina moja, yenye deni moja la joto, italilipa deni hilo kwa tarehe zilizo mbali kabisa. Mwaka 1918 Andrew Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, aliipa hali hii sura ya kanuni: Amerika Kaskazini, matukio ya majira ya kuchipua huchelewa siku nne kwa kila digrii moja ya latitudo unapokwenda kaskazini, siku nne kwa kila digrii tano za longitudo unapokwenda mashariki, na siku nne kwa kila futi 400 unazopanda, yaani takriban mita 120. Ni kanuni ya jumla tu, na huyumba karibu na maziwa na mabondeni ambako baridi hutuama, lakini ijaribu uone. Weka kitalu kimoja digrii tatu kaskazini ya kingine, na mita 240 juu yake. Siku 12 kwa latitudo, 8 kwa mwinuko, jumla 20. Sasa linganisha na urefu wa msimu wenyewe: katika bustani moja, lactiflora zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, humalizana ndani ya wiki tatu au nne. Tofauti ya vitalu viwili ambavyo vinaweza kuwa ndani ya jimbo moja inakaribia kuumeza msimu mzima. Pioni ya mwanzo kule mlimani inaweza kufungua petali wiki ileile ambayo pioni ya mwisho inamwaga zake kule bondeni. Mtu anayetoa tarehe mbili kwenye katalogi mbili na kuzilinganisha amelinganisha vilima akidhani analinganisha maua.

Wafanyabiashara walilielewa jambo hili kabla ya watunza bustani wengi. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Alaska, Fairbanks, mtaalamu wa kilimo cha bustani Pat Holloway alianza kupanda pioni za majaribio. Hazikuwa aina mpya. Zilikuwa zilezile ambazo Uholanzi humaliza kuzikata Juni, lakini kule zilichanua Julai, na karibu na Homer, kwenye pwani ya kusini ya jimbo, zinaendelea hadi Agosti na hata kuigusa Septemba. Hiyo ni miezi ambayo karibu hakuna shamba lingine duniani lenye pioni mbichi, na ndiyo miezi ambayo Wamarekani huoana kwa wingi. Ikazaliwa biashara. Hakuna aliyehangaika miaka 20 kuzalisha pioni inayochelewa. Watu waliichukua 'Sarah Bernhardt' na kuipeleka mahali ambako majira ya kuchipua yenyewe yamechelewa. Kama tarehe ingekuwa ndani ya mbegu na damu ya ua, jambo hilo lisingewezekana.

Lakini hata watu wawili wakisimama kwenye bustani moja wanaweza kuandika tarehe mbili, kwa sababu neno kuchanua limebeba mengi. Tumba la pioni huanza likiwa gumu kama gololi, la kijani, mara nyingi linanata kwa utomvu mtamu unaovuta sisimizi. Linavimba, rangi inachungulia kwenye ufa wa vifuniko vyake, kisha inafika siku ambayo ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea kidogo na kurudi, kama embe linaloanza kuiva. Kwa mkulima wa maua ya kukata, hiyo ndiyo siku yenyewe. Analikata hapo, analipeleka kwenye chumba cha baridi karibu na nyuzi sifuri, na kwenye daftari lake anaandika kwamba aina hii imetoka. Mwenye bustani bado haoni kitu. Kwake ua limechanua siku petali zinapoachana. Mpiga picha anasubiri litanuke lote. Na anayepanga safari za wageni anahesabu kilele, siku ambayo sehemu kubwa ya maua ya shina yamefunguka. Kwenye aina zilizojaa petali safari kutoka hatua ya embe hadi kilele ni ndefu. Kwenye aina za petali chache, mzunguko mmoja tu kuzunguka chavua ya manjano, asubuhi moja ya joto inatosha. Hapo hatujagusa matumba ya pembeni. Shina la lactiflora huwa na tumba kubwa la kati na madogo mawili matatu ubavuni. Anayetaka ua kubwa la mashindano huyabanyua yale madogo mapema, na msimu wa shina lake huisha la kati linapopukutika. Anayeyaacha anajiongezea siku nyingi za maua madogo lakini mazuri. Waulize wote wawili aina hiyo huchanua kuanzia lini mpaka lini: majibu hayatalingana, na hakuna aliyekosea.

Ukiviondoa vyote hivyo, yaani mahali, mwaka na macho, kinachobaki ni foleni. Na foleni ipo kweli. Wachina waliijua zamani. Mudan, pioni ya mti ambayo shina lake gumu halifi wakati wa baridi, wanaihusisha na Guyu, kipindi cha kalenda ya jua kinachoanza karibu na Aprili 20. Na mji wa Luoyang, ambao mwanazuoni Ouyang Xiu aliuandikia kitabu cha pioni zake mwaka 1034, bado hufurika wageni mwezi huohuo. Shaoyao, pioni isiyo na mti, hufuata mudan inapopukutika. Tarehe zimecheza huku na huko mwaka hadi mwaka kwa karne nyingi, lakini shaoyao haijaitangulia mudan. Katika bustani za Ulaya na Amerika foleni ni ndefu zaidi kwa kuwa imekusanya spishi za kila pembe. Mbele kabisa husimama Paeonia tenuifolia, yenye majani membamba kama nyuzi, na Paeonia mlokosewitschii ya milima ya Caucasus, yenye ua la manjano hafifu. Hufuata pioni za mti na chotara za mapema, kama 'Red Charm' ya mwaka 1944 na 'Coral Charm' ya 1964. Ndipo lactiflora zenyewe zianze, 'Monsieur Jules Elie' na 'Festiva Maxima' zikiwa mbele, 'Sarah Bernhardt' ikija baadaye, na nyuma yake zipo nyingine kama 'Elsa Sass' ambazo hufunga mlango. Kwamba nafasi hizi ni za kurithi, si za bahati, ushahidi mzuri ni kazi ya A. P. Saunders, profesa wa kemia katika Hamilton College, jimbo la New York, ambaye hadi kufa kwake mwaka 1953 alitumia miongo kadhaa kupandanisha spishi moja na nyingine. Alipoiunganisha lactiflora na spishi zinazowahi, watoto waliwahi kuliko mzazi wa lactiflora. Mahali hapakubadilika, anga halikubadilika, mkulima ni yuleyule. Kilichobadilika ni ukoo, na foleni ikasogea.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa sababu foleni hiyohiyo ndiyo inayofumbua lile fumbo la maneno matatu ya 'Sarah Bernhardt'. Ilipoingia sokoni mwaka 1906, bustani ya pioni ya Ulaya ilikuwa imejaa lactiflora, na mbele yao palikuwa na wachache tu, kama pioni ya kale ya Ulaya iitwayo officinalis. 'Festiva Maxima', ua jeupe lenye vidoa vyekundu katikati lililozalishwa Ufaransa mwaka 1851, ilihesabiwa miongoni mwa za mapema. Karne ya 20 ikaleta chotara za Saunders na za wenzake, nazo karibu zote zikajipanga mbele. 'Festiva Maxima' haikusogea hata siku moja, lakini waliosimama mbele yake wameongezeka, na leo katalogi nyingi huiweka katikati au karibu na katikati. Ni kama mtu aliyefika hospitali alfajiri akawa wa tano, kisha wakaingizwa wagonjwa ishirini wa dharura. Anayemtazama saa nne atasema huyu yuko nyuma. Anayejua alipofika atasema aliwahi. Basi muuza miche anayehesabu lactiflora peke yake ana haki ya kuiweka 'Sarah Bernhardt' katikati kuelekea mwisho, na anayehesabu foleni nzima tangu tenuifolia ana haki ileile ya kusema ni ya mwisho. Saunders mwenyewe ametuachia mfano mtamu zaidi. Ana chotara mbili za maua meupe yanayoinamisha kichwa, 'Early Windflower' na 'Late Windflower'. Neno la kwanza la jina la moja lina maana ya mapema, na la nyingine maana ya kuchelewa. Hiyo ya kuchelewa imechelewa kwa dada yake tu. Katika bustani nzima bado ni miongoni mwa za mwanzo, na lactiflora nyingi zinakuwa bado gololi za kijani inapofunguka. Mtu akinunua kwa kusoma jina, akidhani amejaza pengo la mwisho wa msimu, atakuwa amejaza la mwanzo.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni hili: foleni yenyewe haitulii. Mwaka huu aina fulani imeitangulia jirani yake, mwaka ujao jirani ametangulia. Bustani hii inasema hivi, ile inasema vile. Ni kweli, na sina haja ya kuficha. Deni la joto si moja kwa aina zote, na wala kiwango ambacho chini yake mmea hausogei si kimoja. Aina yenye uwezo wa kusonga mbele kwenye nyuzi chache itapata faida katika majira ya kuchipua yenye ubaridi mrefu, na faida hiyo itayeyuka mwaka ambao joto limekuja kwa kishindo. Msimu pia hukunjuka na kukunjika kama kinanda cha mkononi: majira yakiwa ya polepole, foleni hutawanyika na kila aina hupata siku zake, yakiwa ya joto kali, aina zilizopaswa kuachana kwa wiki mbili hugongana ndani ya siku chache. Ongeza umri wa mmea. Mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Mjapani Toichi Itoh, aliyefanikiwa mwaka 1948 kupandanisha pioni ya mti na ya majani, alifariki 1956 bila kuyaona maua ya watoto wake. Na shina lililogawanywa mwaka jana halifuati ratiba ya shina lililokaa shimoni miaka kumi. Ongeza ukuta wa upande wa kusini, ambao huhifadhi joto la mchana, na kivuli cha mti ambacho hulizuia. Yote haya yanaweza kuwapindua majirani. Ninachokataa ni hitimisho kwamba foleni kwa hiyo haipo. Majirani wa karibu wanapishana. Walio mbali hawapishani. Hutaiona 'Elsa Sass' ikiitangulia tenuifolia, si Michigan wala New Zealand. Kwa hiyo makundi mapana kama mapema, katikati na mwisho yana maana, lakini orodha inayodai kujua kwamba aina ya 41 huchanua siku moja kabla ya aina ya 42 inajifanya kujua kisichojulikana.

Wapo watakaosema mimi ni mpole mno, kwamba tofauti nyingine ni makosa tu, tena makosa ya aibu. Nakubali, na makosa makubwa kuliko yote ni ya majina. Pioni haizalishwi kwa mbegu mtu akitaka aina ileile. Hugawanywa mizizi, kipande kwa kipande, mkono hadi mkono, na kibao cha jina ni kitu chepesi kuliko mzizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 hali Marekani ilikuwa imeharibika kiasi kwamba ua moja liliuzwa kwa majina kadhaa na jina moja lilibebwa na maua kadhaa. American Peony Society, iliyoanzishwa miaka hiyo, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, kupanda mkusanyiko mkubwa wa aina pamoja ili zitazamwe bega kwa bega. Mwaka 1907 J. Eliot Coit akatoa orodha ya majina, na taarifa nyingine zikafuata katika miaka michache. Bila shaka baadhi ya tarehe zinazogombana katika vitabu ni tarehe za mimea miwili tofauti iliyovaa jina moja. Lakini angalia kosa hilo linagunduliwaje. Shina lililoandikwa 'Sarah Bernhardt' likichanua pamoja na 'Red Charm' katika kitanda kimoja, mwenye macho anajua papo hapo kwamba kibao kinadanganya, kwa kuwa ua limesimama mahali pasipo pake. Tarehe peke yake isingemwambia lolote. Foleni imemwambia. Ushahidi ulioletwa kunipinga ndio unaoonyesha foleni ina kazi gani. Kuhusu wauzaji wanaonyoosha maneno ili wauze, sitapoteza wino mwingi: ua la mapema sana na la mwisho kabisa hulipa vizuri kuliko la katikati, kwa hiyo kishawishi kipo, lakini kishawishi hicho hakiwezi kueleza kwa nini bustani za umma na wakulima wasiouza miche nao hutofautiana.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la hali ya hewa. Kumbukumbu za kuchanua kwa miti ya cheri mjini Kyoto, ambazo mtafiti Yasuyuki Aono alizikusanya kutoka shajara za kale, zinarudi nyuma hadi mwaka 812. Mwaka 2021 kilele kilifika Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa mpaka wakati huo. Tarehe zinasogea zote, za cheri na za pioni. Mwanzoni hili linaiunga mkono hoja yangu: katalogi iliyochapishwa miaka 50 iliyopita imepotoka kwa tarehe hata kwa bustani ileile iliyopimwa, wakati foleni yake bado inasomeka. Lakini ukiendelea kulifikiria, lina ncha nyingine. Pioni ina madeni mawili, la baridi na la joto, na majira ya kuchipua yanayowahi hupunguza la pili tu. Majira ya baridi yenye uvuguvugu huacha la kwanza halijalipwa, na kila aina ina kiasi chake cha baridi inachokitaka. Pale ambapo baridi ni nyingi kupita mahitaji, kama Alaska, tofauti hiyo haionekani. Wote wamelala vya kutosha, wanaamka pamoja na kushindana kwa joto. Pale ambapo baridi inatosha kwa shida, kama majimbo ya kusini ya Marekani, aina yenye mahitaji madogo huamka na nyingine hubaki nusu usingizini. Ndiyo sababu watunza bustani wa huko hushauriwa kupanda aina za mapema zenye petali chache: huwahi kabla ya joto kali, na matumba mazito ya aina za mwisho mara nyingi huungua kabla hayajafunguka. Huko foleni inaweza kukatika, si kwa majirani kupishana tu, bali kwa baadhi ya wanafoleni kutofika kabisa. Nakiri kwamba huu ni mpaka wa hoja yangu. Foleni ni ya aina pale ambapo baridi imewatosha wote.

Nini basi kiandikwe, ili mtu wa mbali aweze kukitumia? Baadhi ya wakulima wameshapata jibu, nalo ni jepesi: chagua aina moja inayojulikana kila mahali, ifanye sifuri, na andika nyingine zote kwa siku kabla yake au baada yake. 'Red Charm' hutumika kwa kazi hiyo. Ni nyekundu iliyokolea, haichanganywi kirahisi na nyingine, hukaa mahali panapofaa kwenye foleni, na imeenea. Siku kadhaa baada ya 'Red Charm' ni maneno yanayoweza kuvuka bahari. Juni 8 hayawezi. Bado siku hizo zitanyooka au kukunjika kulingana na joto la mwaka, kwa hiyo hata sifuri haitatupa usahihi wa saa ya ukutani, na asiyeridhika anaweza kuhesabu nyuzi za joto badala ya siku akiwa na kipimajoto na subira. Mjini Ann Arbor, Michigan, bustani ya pioni ya Nichols Arboretum ina aina nyingi za zamani zilizopandwa kutokana na zawadi ya W. E. Upjohn ya mwaka 1922, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 1927. Kila mwaka watu wanataka kujua waje tarehe ngapi, na kila mwaka jibu hutegemea jinsi Aprili na Mei zilivyokwenda: mara mwisho wa Mei, mara ndani ya Juni. Anayetaka kuamini tarehe ataona bustani hiyo haina msimamo. Lakini akisimama kati ya vitanda akiwa na daftari, aandike juu ya ukurasa jina la aina aliyoifanya sifuri, na chini yake safu tatu, siku tumba lilipobonyea, siku petali zilipoachana, siku ua la mwisho lilipomwagika. Kisha mwaka unaofuata arudi na ukurasa wa pili, auweke kando ya wa kwanza. Tarehe zote zitakuwa zimehama. Majina, isipokuwa mawili matatu ya majirani yaliyobadilishana mistari, yatakuwa yamekaa palepale.